Pedali ya freni ikilegea: tutafute sababu mbele ya kupakia



Somo la mara hii si la mbegu wala la mbolea. Ni la gari. Koperative nyingi tunazotembelea sasa ziko na kamioneti yao, ama zinakodi moja kwa pamoja siku ya soko, na mavuno ya msimu mzima yanapita juu ya yale magurudumu manne. Tulikuwa tumepanga kuandika juu ya unyevu wa maharagi kwenye depo. Tulibadilisha shauri kisha yale yaliyotupata sisi wenyewe kwenye mteremko wa Ngomo.

Tulikuwa tunatoka upande wa Walungu na mzigo wa maharagi na viazi, tunashuka kwenda Kamanyola. Gari ilikuwa ya koperative moja, sisi tuliomba fasi tu. Juu ya magunia waliketi mama saba wenye bidhaa zao. Asubuhi, mbele ya kuondoka, tulisikia shofere anamwambia prezida: «Papa prezida, hii pedali inaenda chini. Ukiipompa mara mbili inarudi, lakini vile iko sipendi.» Prezida akamuuliza: «Inarudi?» Akajibu: «Inarudi.» «Basi twende, soko haingoji.» Na sisi tunaoandika hapa tulikuwa tumesimama palepale, tukanyamaza.

Nusu ya mteremko pedali ilikuwa inataka kupompwa mara tano. Kisha haikurudi tena. Shofere aliingiza vitesi ya kwanza kwa nguvu, akavuta freni ya mkono, akaegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, upande wa ndani wa barabara. Upande wa nje ni bonde. Mama mmoja alivunjika mkono, magunia mawili yalipasuka. Wote saba walikuwa hai, na hiyo tunaihesabu kuwa kazi ya yule shofere, si bahati.

Ndiyo maana tunataka kila memba ajue jambo hili, hata yule asiyejua kuendesha. Pedali laini si ugonjwa mmoja. Ni alama ya magonjwa kadhaa, na kila moja linajionyesha kwa namna yake chini ya mguu. Ile «inarudi nikiipompa» haikuwa habari njema. Ilikuwa tayari jibu, hatukujua kulisoma tu.

Seringi ya mbuzi

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Ukikanyaga pedali, unasukuma pompa kubwa ya freni iliyo mbele ya shofere, chini ya kapo ya moteri. Pompa ile inasukuma likidi ndani ya tiyo za chuma na durite za mpira hadi kwenye kila gurudumu. Pale gurudumuni likidi inasukuma pompa ndogo, na hiyo inabana plaketi juu ya diski, ama inafungua gariniti ndani ya tamburi. Hakuna kamba, hakuna mnyororo. Ni likidi tu inayobeba nguvu ya mguu.

Chukueni seringi ile mnayochomea mbuzi dawa, bila sindano. Ivuteni maji mpaka ijae kabisa, zibeni tundu kwa kidole, kisha sukumeni. Haiendi. Sasa acheni hewa kidogo ndani, zibeni tena, sukumeni. Inaingia, na ukiachia inarudi kama springi. Somo lote liko pale. Likidi haikubali kubanwa, hewa inakubali. Mguu ukikanyaga kwenye hewa, nguvu inaishia kuibana ile hewa na gurudumu halipati kitu. Tumeonyesha jambo hili kwenye mikutano, na watoto wanalielewa mbele ya wakubwa.

Pedali inasema nini

Gari ikiwa imesimama fasi ya tambarare, mawe nyuma ya magurudumu, shofere akae kwenye kiti na awashe moteri. Ukikanyaga pedali huku moteri imezimwa kisha ukaiwasha, pedali itashuka kidogo chini ya mguu. Hiyo ni kawaida, ni kile kifaa kinachosaidia mguu kinaanza kazi. Msiogope hapo. Tunachotafuta kinakuja kisha.

Akanyage mara moja, kwa nguvu ya kawaida. Kama pedali inaenda mbali sana, halafu ikipompwa haraka haraka mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu, kuko mambo mawili ya kufikiria. La kwanza ni hewa ndani ya tiyo. Pedali ya hewa inajisikia kama kukanyaga sifongo, inadunda. La pili ni gariniti za nyuma ambazo ziko mbali na tamburi, sababu zimeisha ao hazijarekebishwa tangu zamani. Pale kila mkanyago unatumika kuzisogeza tu, na mkanyago wa pili ndio unaozibana. Pedali ya namna hii, ikishapanda, inakuwa ngumu kweli, haidundi. Mafundi wengi wanakimbilia kutoa hewa kila mara, wanamaliza chupa mbili za likidi, na pedali inabaki chini, kumbe ilikuwa kazi ya dakika kumi ya kuzungusha kile kigurudumu chenye meno ndani ya tamburi mpaka gariniti iguse kidogo tu.

Jaribio lingine. Akanyage na kushikilia kwa nguvu ileile, bila kupompa, dakika nzima. Kama pedali inazama pole pole mpaka chini, likidi inatoroka. Swali ni inatorokea wapi. Angalieni kikopo cha likidi: kama kinapungua, inatoka nje, na mtaiona fasi fulani. Pitisheni mkono ndani ya kila gurudumu, upande wa chini, na kwenye kila durite. Mkiona unyevu nyuma ya tamburi, msiseme haraka ni mafuta ya diferansieli. Yale yananuka sana na ni mazito. Dondosheni tone moja ndani ya kikombe cha maji: mafuta yanaelea juu, likidi ya freni inachanganyika na maji na kupotea.

Kama pedali inazama na kikopo hakipungui, hakuna unyevu fasi yoyote, basi ubaya uko ndani ya pompa kubwa. Kauchu zake zimeisha, likidi inapita pembeni na kurudi ilikotoka. Hii ndiyo inayodanganya watu kuliko zote, juu ukikanyaga kwa haraka inashika vizuri. Inaonekana tu ukishikilia polepole, kama vile unavyoshikilia kwenye mteremko nyuma ya kamio nyingine.

Kuko tena pedali inayoshuka ghafla mpaka karibu chini, kisha inasimama pale na gari inashika kidogo. Magari mengi yamegawanywa njia mbili za likidi, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Ukisikia hivyo, njia moja imekwisha kufa. Unaendesha na nusu ya freni, na nusu hiyo haikupewa ili umalize safari.

Na ya mwisho: pedali iliyo nzuri asubuhi, nzuri kwenye tambarare, halafu inalegea katikati ya mteremko mrefu. Ukisimama saa moja, inapona yenyewe. Hii tutaizungumzia peke yake, sababu kwa milima yetu ndiyo inayoua.

Likidi inapochemka

Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika kule Uvira liko karibu mita 770. Kutoka moja hadi lingine, gari inapoteza karibu mita 700, bila kuhesabu vilima inavyopanda na kushuka katikati. Chukueni gari yenye kilo 2,500 pamoja na mzigo. Nguvu ya uzito ule ukishuka mita 700, ikigeuka yote kuwa moto, ingetosha kuchemsha lita 50 za maji baridi, ni kusema ndoo mbili na nusu. Sehemu moja inabebwa na moteri, nyingine na upepo. Inayobaki inaingia kwenye diski na tamburi, na kutoka pale inaifikia likidi.

Likidi mpya ya aina ya DOT 3 haichemki mbele ya digrii 205, na DOT 4 mbele ya digrii 230. Lakini likidi hii inapenda maji. Inayavuta kutoka hewani, hata kupitia mpira wa durite, mwaka wote, na zaidi wakati wa mvua. Ikishashika maji yapata asilimia 3.7 tu, DOT 3 inaweza kuchemka kwa digrii 140, na DOT 4 kwa 155. Ikichemka inatoa mapovu ya mvuke, na mvuke ni kama ile hewa ya seringi. Pedali inaenda chini. Gari ikipoa, mvuke unarudi kuwa likidi, pedali inapanda, na shofere anasema «imepona». Haikupona. Likidi ileile inamngoja kwenye mteremko wa kesho.

Kwa hiyo likidi inabadilishwa yote kila miaka miwili, hata kama kikopo kimejaa. Ikiwa nyeusi kama kahawa, msingoje hiyo miaka miwili. Na chupa iliyofunguliwa tangu msimu uliopita, ikakaa depo bila kifuniko kizuri, si likidi tena ya kutia garini.

Jina nalo linatuletea shida. Kijijini tunasema «mafuta ya freni», wengine «wili ya freni», na mtu akiambiwa mafuta anatia mafuta. Tumekuta mafuta ya moteri ndani ya kikopo cha freni, zaidi ya mara moja. Mafuta ya moteri, mazutu ama petroli yanafanya kauchu zote zivimbe na kulegea, kutoka pompa kubwa hadi gurudumu la mwisho. Ikishafika hapo, kuosha hakusaidii, kauchu zote zinabadilishwa pamoja na durite. Mkikuta gari mpya kwenu na hamjui historia yake, vuteni likidi kidogo kutoka kikopo kwa seringi safi, mtie katika glasi ya maji: ngozi ya mafuta ikielea juu, gari ile isitembee. Juu ya kifuniko cha kikopo pameandikwa aina inayotakiwa. DOT 3 na DOT 4 ni ndugu, DOT 5 si ndugu yao, msizichanganye hata kama namba imezidi.

Kupungua kwa likidi pia watu wanakuelewa vibaya. Likidi haitumiki kama petroli. Kama kikopo kimeshuka, ama plaketi zimeisha na likidi imefuata chini, ama kuko fasi inavuja. Kuongeza kila juma bila kutafuta ni kuficha mgonjwa.

Kutoa hewa

Kazi hii, mafundi wanaiita kupurije, inafanywa na watu wawili wanaosikilizana, na inafanywa mwisho, kisha kutengeneza kinachovuja na kurekebisha gariniti. Kutoa hewa kwenye gari inayovuja ni kuchota maji na kikapu.

Gari iinuliwe na kriki, kisha iwekewe vigogo imara. Kriki peke yake msiiamini, hata kwa dakika moja. Vumbi la gariniti msilipulize kwa mdomo, gariniti za zamani zinaweza kuwa na amianti inayoharibu mapafu. Lowesheni, pangusheni na kitambaa. Futeni vizuri kuzunguka kifuniko cha kikopo mbele ya kukifungua, punje moja ya mchanga inatosha kukata kauchu.

Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na pompa kubwa. Kwa gari yenye usukani kushoto, ni la nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Kwa zile za usukani kulia, geuzeni. Kitabu cha gari kikisema njia nyingine, fuateni kitabu. Kamioneti nyingi ziko na kifaa karibu na ekseli ya nyuma kinachopima mzigo, na juu ya baadhi ya vifaa vile kuko buloni nyingine ya kutolea hewa. Ikisahauliwa, mtapurije mpaka jioni bila mafanikio.

Kwenye buloni ya gurudumu vaeni tiyo ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, upande mwingine uzame katika chupa yenye likidi kidogo. Aliye garini anakanyaga polepole na kushikilia, anasema «nimekanyaga». Aliye chini anafungua buloni robo ya mzunguko, likidi na mapovu vinatoka, pedali inazama. Anafunga. Ndipo anasema «achia». Mpango huu msiugeuze, mkiachia pedali huku buloni iko wazi gurudumu linavuta hewa mpya na mnaanza upya. Endeleeni mpaka likidi itoke safi bila povu hata moja, na mtu mmoja aangalie kikopo kila mara, kisikauke. Yaliyotoka kwenye chupa hayarudi kwenye kikopo, hata kama yanaonekana mazuri.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau: kwenye pompa ya zamani, msikanyage pedali mpaka chini kabisa. Ndani ya pompa, fasi ambayo kauchu haifiki siku zote, kutu inajikusanya. Kauchu ikilazimishwa kupita pale inachanika, na gari iliyokuja na hewa inaondoka na pompa iliyokufa. Wekeni kipande cha ubao chini ya pedali.

Likidi ikimwagika kwenye rangi ya gari, mwageni maji mengi haraka, inakula rangi. Ni sumu, kwa hiyo chupa zisikae karibu na vyakula wala na watoto, na chupa tupu isigeuzwe kuwa ya mafuta ya kupikia.

Ukiwa tayari kwenye mteremko

Mlima unashukwa na vitesi ileile ambayo ingetumika kuupanda na mzigo, na inaingizwa juu kabla ya kuanza. Kuna mashofere wanaotoa vitesi, wengine hata wanazima moteri ili kubakiza petroli. Moteri ikizima, kile kifaa cha kusaidia mguu kinaisha nguvu kisha mikanyago michache, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na gari haishiki. Petroli inayobakizwa pale haijazi hata kikombe cha chai mbele ya hatari yake.

Pedali ikilegea njiani: pompa haraka, shusha vitesi moja moja, vuta freni ya mkono kidogo kidogo ukishikilia kitufe chake, sogea upande wa mlima, piga honi. Ikisimama, mawe chini ya magurudumu, watu wote washuke. Msimwagie tamburi ya moto maji ya mtoni, inaweza kupasuka. Na msiseme kisha nusu saa kwamba imepona.

Kuko pia ile dawa ya njiani ya kukunja tiyo ya gurudumu linalovuja ili likidi isipite. Tunaijua, tumeiona. Gari ile itavuta upande mmoja kila ikikanyagwa freni. Kuirudisha gari tupu kwenye garaji ya karibu, polepole, fasi ya tambarare, tunaweza kuelewa. Kupakia watu juu yake hapana.

Tulichokuta ndani ya ile gari

Fundi alifungua magurudumu yote mbele ya komite. Nyuma kushoto, pompa ndogo ilikuwa inavuja tangu siku nyingi, matope yalikuwa yameshikamana na unyevu. Gariniti za nyuma hazikuwa zimerekebishwa. Likidi ilikuwa nyeusi, na hakuna aliyekumbuka ilibadilishwa lini. Kwa maoni yetu, ubaya mmoja peke yake ungetuacha tufike Kamanyola na hofu tu. Siku ile ilikuwa siku ya yote matatu.

Prezida hakumlaumu shofere, na tunamheshimu kwa hilo. Aliita mkutano akasema mwenyewe yale aliyojibu asubuhi ile. Mabishano yalikuwa marefu. Baba mmoja alisema: «Tukimwachia shofere aamue, kila siku ya mvua atasema pedali inauma.» Mama mmoja wa wale saba akamjibu: «Basi wewe ndiye utaketi juu ya magunia.» Mwisho walikubaliana hivi: shofere anajaribu pedali kila asubuhi, namna mbili tulizoeleza, mbele ya konvoyeri, wanaandika ndani ya daftari na wote wawili wanatia sahihi. Akiandika kwamba haiko sawa, hakuna mtu, hata prezida, anayeweza kuamuru gari ipakiwe. Siku ya soko inapotea, koperative inabeba hasara, mshahara wa shofere haukatwi.

Pompa ndogo mbili mpya ziliwekwa nyuma, kushoto na kulia, sababu ya kulia ilikuwa na umri uleule. Likidi yote ilibadilishwa. Gari ilijaribiwa kwanza kwenye uwanja wa shule, tupu, mwendo wa mtu anayetembea, kisha kwenye mteremko mfupi, kisha na nusu ya mzigo. Bei ya vifaa vyote na kazi ya fundi haikufika ile ambayo koperative ililipa hospitali kwa mkono wa yule mama. Alikosa palizi msimu mzima, shamba lake lililimwa na wenzake kwa zamu. Kwenye kioo cha mbele, juu kulia, shofere amebandika karatasi yenye tarehe ya likidi ijayo.